Paa linavuja, linagoma kupanda, linagonga: kutafuta chanzo kwenye Landrover uliyoigeuza chumba cha kulala

Landrover yangu ni One Ten ya zamani, bodi refu, injini 300Tdi ya dizeli cc 2495, kabla haijafika kwangu ilishazunguka sana mashamba ya mkonge huko. Tuliikata paa hapahapa Tanga, gereji moja ya Ngamiani, tukatengeneza kifuniko kinachoinuka kwa nyuma, bawaba ziko mbele juu ya kioo, pembeni turubai, kitanda juu. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo, basi hii gari ilikuja gereji kwa wiki mbili ikakaa miezi mitatu, na ilipotoka ndo matatizo yakaanza. Naandika niliyokutana nayo mimi na mengine niliyoitwa kuangalia kwenye gari za wenzangu, maana siku hizi mtu paa lake likivuja ananipigia mimi kana kwamba ni fundi. Mi sio fundi, nimeharibu vingi tu.

Nikwambie mapema, kwenye hizi gari dalili inakaa mbali na chanzo. Maji yanaingilia mbele yanadondokea nyuma, komeo linagoma kushoto kumbe kilichopinda ni kulia, friji inazima ukailaumu betri wakati kosa ni waya wa asi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote pima kwanza. Mi nilinunua kwanza ndo nikaja kupima baadaye, imenigharimu.

Maji yanadondoka kwenye godoro

Hili ndo la kwanza kwa kila mtu. Masika ya kwanza tulilala Pangani, saa nane usiku tone likanidondokea kwenye shavu la kushoto, tone, kimya, tone, yani kama mtu anakuchokoza. Asubuhi nikapanda juu na bomba la silikoni nikapaka kona yote ya nyuma kushoto. Mvua iliyofuata, palepale. Nikapaka tena. Mara tatu.

Sasa kosa langu la kwanza lilikuwa hiyo silikoni yenyewe. Ukifungua bomba likanuka siki, usipake kwenye bodi ya Landrover. Ile harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka, na chini ya silikoni aluminiamu inaanza kuliwa, unabandua baada ya miezi unakuta unga mweupe umejaa na bati limekuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Pili, silikoni haishikani na silikoni ya zamani, kwa hiyo kila unavyorudia kupaka juu ya ile ya mwanzo unapaka kazi bure, lazima ukwangue yote mpaka bati lionekane, ufute na spiriti. Inayofaa ni gundi ileile wanayobandikia vioo vya mbele vya magari, inakauka lakini inabaki kama raba. Na lazima iwe kama raba kwa sababu bati hili linatembea. Chukua paa la mita 2 na nusu, asubuhi nyuzi 25, saa saba mchana bati limefika nyuzi 65 bila shida yoyote kwa jua letu hili, aluminiamu inarefuka karibu milimita 2.3 na fremu ya chuma chini yake inarefuka 1.2 tu. Hiyo milimita moja ya tofauti inavuta na kurudi kila siku ya Mungu, kitu kigumu kitapasuka tu.

Kutafuta maji yanapoingilia fanya hivi. Mtu mmoja aingie ndani na tochi, atoe godoro na kitambaa chote cha dari (usimwonee huruma mtu aliyeshona, toa), wewe uko nje na mpira wa maji. Anzia chini. Mwagia kwanza usawa wa madirisha dakika tano, kama kimya panda kwenye mfereji wa paa dakika tano, kimya tena ndo upande kwenye kifuniko. Ukianzia juu maji yanateremka kila mahali na hutajua chochote. Halafu geuza gari, iweke pua chini ya mteremko, kisha pua juu. Tone likihama na mteremko basi maji yanasafiri juu ya mbavu za paa kabla ya kudondoka na tundu liko mbali na tone, lisipohama tundu liko jirani.

Na usisahau hii ni Landrover, ilikuwa inavuja kabla hujazaliwa. Angalia vile vidirisha vidogo vya juu pembeni mwa paa, raba zake zinakauka na kukakamaa, maji yanaingia taratibu yanafuata ukuta. Angalia vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Angalia mshono wa mfereji wenyewe na riveti zilizoshika mbavu za paa la zamani. Jamaa mmoja wa Raskazone alibadilisha raba nzima ya kifuniko, pesa nyingi tu, kumbe maji yalikuwa yanapita kwenye kidirisha.

Raba ya kifuniko yenyewe inapimwa na poda ya mtoto. Paka poda kwenye raba yote kuzunguka, funga paa, bana makomeo, fungua. Pale ambapo raba imegusa utaona mstari wa poda kwenye bati la upande wa pili, palipokatika mstari ndo pasipogusa. Mi yangu ilikatika urefu wa sentimita 40 hivi kona ya nyuma kushoto. Hapo nikafurahi nimepata, nikaongeza raba nene kipande kile. Kuvuja kukapungua, komeo la kulia likaanza kugoma.

Kona moja, magonjwa matatu

Hapa ndo nataka tukae kidogo.

Ndani ya miezi minne kona ileile ya nyuma kushoto ilikuwa imevuja, turubai lake limechanika kwenye mkunjo, na mlango wa nyuma ukawa haufungi mpaka uubamize majirani wageuke. Nilikuwa natibu kila kimoja peke yake. Nikaipeleka gari kwa mzee mmoja fundi bodi pale Chumbageni, nikamwamkia, akaitika, akazunguka gari mara moja bila kugusa kitu.

"Kijana, siku mnakata hili paa gari ilikuwa imekaaje?"

"Imekaa kawaida tu mzee, ila ilikuwa juu ya jeki, jamaa alikuwa anabadilisha springi."

"Jeki upande gani?"

"Nyuma kulia."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaomba nyuzi mbili, akafunga moja kutoka kona ya mbele kushoto ya lile tundu la paa mpaka nyuma kulia, nyingine mbele kulia mpaka nyuma kushoto, akazivuta zikakaza. Kama tundu liko sawa zile nyuzi zinagusana pale zinapopishana katikati. Zangu zilikuwa zinaachana milimita 6. Maana yake kona moja iko nje ya usawa milimita 12, kwa sababu katikati unaona nusu tu. Kisha akapima na tepu kona kwa kona, moja sentimita 250.6 nyingine 249.8. Hiyo sio shimo la mstatili tena, limelala.

Kilichotokea ni rahisi ukishaelewa. Paa la bati na mbavu zake ndo linaloshika sanduku lote lisisokotwe. Ukilikata, sanduku linakuwa kama boksi la viatu lililotolewa mfuniko, lishike huku na huku ulisokote uone. Sisi tulikata gari ikiwa imenyanyuliwa tairi moja, bodi ikajisokota kidogo, na hapohapo tukaweka fremu na kupiga riveti, yani tukaigandisha ikiwa imesokotwa. Ilivyoshushwa chini fremu ikawa inapigana na chasisi kila kilomita, na kifuniko kilichonyooka kinakaa juu ya tundu lililopinda. Ndo maana raba haigusi kushoto. Ndo maana nilipoongeza raba kushoto, kulia kukanyanyuka komeo likagoma. Turubai nalo lilikuwa linavutwa zaidi kona ile kila paa likipanda.

Tiba ilikuwa kutoboa riveti zote za fremu zitoke, kupeleka gari sakafu ya saruji, tairi nne chini zina upepo sawa, milango yote imefungwa, kisha kusawazisha. Mzee hakutumia pima maji ndogo, alitumia ule mpira mwembamba wa waashi unaoonyesha maji, akashika kona moja mi nikashika nyingine, tukazunguka kona zote nne. Tukaweka mbao za muda za kukaza, nyuzi zikagusana, ndo tukapiga riveti upya na gundi katikati. Siku mbili za kazi. Mlango wa nyuma toka siku hiyo unafungwa na kidole.

Kama bado hujakata, fremu inaingia KABLA ya grainda. Fremu iwe ndani, imeshikwa, gari kwenye tairi zake sehemu tambarare, halafu unakata pande ndefu ukiacha madaraja ya bati sentimita kumi kumi, unapima kona kwa kona, ndo unamalizia madaraja. Na fundi akikwambia anabadilisha springi hapohapo kuokoa muda, mwambie akanywe kahawa kwanza.

Jambo jingine la kona hizo ni chuma na aluminiamu. Kwetu huku chumvi iko hewani, kipindi cha kusi hata kufuli la mlango wa nyumba linaota kutu. Bolti ya chuma ikigusa aluminiamu na maji ya chumvi yakapita katikati, ni betri ile, aluminiamu ndo inaliwa. Dalili yake ni rangi inayofura kama chapati kuzunguka bolti na unga mweupe ndani. Hata bolti zisizoshika kutu zinafanya hivyohivyo, watu wanadhani wakinunua za bei ndo wamemaliza. Weka washa za nailoni, paka rangi pande zote mbili, jaza grisi au gundi kwenye tundu, na ukirudi kutoka ufukweni osha na maji baridi, yale yasiyo na chumvi, mpaka chini.

Paa halipandi, au linapanda Tanga likifika Lushoto linagoma

Hii iliwahi kunifanya nionekane muongo mbele ya wageni. Mchana Tanga nafungua makomeo paa linanyanyuka lenyewe na zile shokapu za gesi, kama za buti ila ndefu. Tumefika Lushoto usiku, mwezi wa saba, baridi, nafungua makomeo, kimya. Nasukuma linapanda nusu, linarudi.

Ndani ya shokapu kuna gesi ya naitrojeni, na gesi ikipoa nguvu inashuka, kadiria asilimia moja kwa kila nyuzi tatu. Kutoka nyuzi 30 za Tanga mpaka 12 za Lushoto umepoteza kama asilimia 6. Inaonekana ndogo lakini kama shokapu zako zilikuwa zinabeba paa kwa shida toka nyumbani, hiyo 6 ndo inakumaliza. Kwa hiyo baridi imeonyesha tatizo tu, tatizo lenyewe ni uzito au pa kufungia.

Pima uzito wa kifuniko. Mi niliazima mizani ya kuning'iniza kwa jamaa anayeuza samaki sokoni Deep Sea, akaniuliza nimevua nini, nikamwambia paa. Toa shokapu, ning'iniza mizani ukingo wa nyuma katikati, inua kidogo tu mpaka kifuniko kiachane na raba, soma. Kwa kuwa bawaba za mbele zimebeba nusu, zidisha mara mbili. Yangu ilisoma kilo 41, yani kifuniko ni kilo 82! Tulikuwa tumetumia skwea paipu ya chuma na plaiwudi ya milimita 12, na karatasi moja nzima ya plaiwudi hiyo inafika kilo 20. Juu tena nilikuwa nimepachika paneli ya sola ya kioo. Nikarudia kwa aluminiamu, ambayo kwa ukubwa uleule ni kama theluthi ya uzito wa chuma, plaiwudi ya milimita 6, katikati nikajaza yale mapovu meupe magumu ya kufungia televisheni, yanazuia na joto. Nikapima tena, mizani ikasoma 22.

Ukishajua uzito angalia linagoma wapi. Linagoma kuanza, ukilisukuma sentimita 20 linaenda lenyewe mpaka juu? Hiyo ni jinsi shokapu ilivyolala. Paa likiwa limefungwa shokapu imelala karibu sambamba na bati, nguvu yake inasukuma mbele na nyuma badala ya juu. Sogeza kishikio cha chini kishuke zaidi ili shokapu isimame kidogo, au kubali tu kusukuma kwa mkono, mi nimekubali. Kununua shokapu kali zaidi hapa ni kosa, zitakuwa zinasukuma kifuniko kilichofungwa usiku na mchana, bati linapinda katikati kama ngalawa na utarudi kwenye kuvuja. Linapanda vizuri halafu linashuka polepole? Gesi imetoka, angalia ile fimbo inayong'aa, ikiwa na vidoa vya kutu imeshakwangua raba ya ndani, mafuta yatakuwa yamechuruzika. Chumvi tena hiyo. Futa fimbo na kitambaa chenye mafuta kidogo, na funga shokapu kwa namna ambayo paa likiwa chini fimbo inaangalia chini, mafuta yakae kwenye raba. Upande mmoja unatangulia? Badilisha shokapu za kushoto na kulia, ugonjwa ukihama na shokapu ni shokapu, ukibaki palepale rudi kwenye nyuzi za mzee.

Shokapu sio nguzo. Weka mti au bomba la kushikilia paa likiwa juu, haswa kama watoto wanalala, maana upepo ukilisukuma gesi inarudi ndani.

Asubuhi kila kitu kimeloa na mvua haikunyesha

Watu wengi wanakuja kwangu wanasema inavuja, nawauliza ilinyesha? Hapana. Basi ni pumzi zenu. Watu wawili mmelala kwenye kisanduku, mnapumua mvuke usiku kucha, bati nje limepoa, mvuke ukiligusa unageuka maji. Amani na Lushoto ndo kabisa, kule ukungu wenyewe unataka kuingia. Njia ya kutofautisha ni kuangalia yalivyokaa, ya mvua yana mstari na yanatoka sehemu moja, ya pumzi yametapakaa kama jasho la chupa ya soda na yamekazana zaidi kwenye mbavu za chuma na vichwa vya bolti.

Kufunga kila kitu kwa sababu ya baridi kunazidisha. Acha madirisha mawili ya turubai wazi pande tofauti, chandarua tu, hewa ipite. Chini ya godoro weka mkeka au vipande vya mbao vyenye nafasi, plaiwudi tupu na godoro la sponji yanashikana na kuota koga ndani ya wiki. Vichwa vya bolti vifunike na sponji. Turubai la PVC la maroli halivuji kabisa ila halipumui, la pamba iliyochanganywa na poliesta linapumua lakini jipya linavuja kwenye matundu ya sindano, mwagia maji likauke, mwagia tena likauke, mara mbili tatu, nyuzi zinavimba zinaziba. Mi nimechagua la pamba, kwa joto la huku siwezi kulala kwenye PVC.

Na hili naomba mnisikilize. Baridi ya milimani isikufanye uingize jiko la mkaa ndani ya gari, hata kama limebaki majivu mekundu tu, hata dirisha liwe wazi. Hewa ya mkaa haina harufu, usingizi unakuwa mzito na huamki. Vaa sweta, ongeza blanketi.

Turubai linaliwa

Likichanika kwenye mkunjo wakati fremu iko sawa, basi linabanwa na kifuniko kikishuka. Pitisha mpira wa kiuno mrefu kuzunguka turubai lote katikati ya urefu wake, kwa ndani, paa likishuka mpira unalivuta ndani lenyewe. Kabla ya mpira huo nilikuwa nazunguka gari nasukuma turubai na vidole kama mtu anayechomekea shati. Acha na dirisha moja wazi wakati wa kushusha, hewa ikikosa pa kutokea turubai linapulizwa nje.

Likichanika kwenye mshono ni uzi. Bi mkubwa anayenishonea, kazi yake maturubai ya maroli, aliangalia uzi wa kwanza akausugua kati ya vidole ukakatika, akasema, "Mwanangu huu umeshaiva na jua." Ulikuwa wa nailoni. Akashona upya na uzi mnene wa poliesta, mkunjo mara mbili, ukingo wa mshono unaangalia chini ili maji yasikae. Koga sugua na siki iliyochanganywa na maji halafu jua, jiki usiguse. Na ukilazimika kufunga turubai likiwa limeloa, sawa, ila ukifika nyumbani inua paa siku hiyohiyo, usiseme kesho.

Friji inazima usiku

Hapa kila mtu anakimbilia kununua betri. Chukua mita kwanza. Betri imepumzika bila kuchajiwa wala kutumika saa kadhaa, ikisoma 12.7 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, ukifika 11.9 umeimaliza na unaiua. Sasa weka mita kwenye vichwa vya betri friji ikiwa inanguruma, halafu weka kwenye plagi ya friji ikiwa bado inanguruma. Tofauti ya hizo namba mbili inaliwa na waya njiani. Friji ya kompresa inavuta ampea kama 5. Kama betri iko mbele na friji nyuma, mita 5 kwenda na 5 kurudi, waya mwembamba wa milimita mraba 1 unakula volti 0.86, wa 2.5 unakula 0.34. Betri yako inaweza kuwa na 12.2, friji inaona 11.3 inajizima kujilinda, wewe unasema betri mbovu.

Na Landrover ina lake, asi. Mafundi wamezoea kufunga waya wa asi kwenye bodi popote, ila bodi hii ni vipande vya aluminiamu vilivyoshikwa na riveti na bolti, kati yake kuna ule unga mweupe. Taa zikififia friji inapoanza kunguruma, kosa ni asi karibu kila mara. Vuta waya mzima kurudi betri, acha kutegemea bodi. Fyuzi iwe karibu na betri, sio karibu na friji, maana waya usio na fyuzi ukichubuka kwenye ukingo wa bati lililokatwa na grainda, gari inaungua. Betri ya pili isipojaa hata ukisafiri kutwa, pima ikiwa injini inaendesha, unatakiwa uone 13.8 mpaka 14.4, ukiona 12 na kitu rilei ya kuunganisha haishiki.

Sola iliyobandikwa juu ya bati bila nafasi ya hewa inapika, na paneli ikipata joto inatoa umeme kidogo, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja zaidi ya 25. Mi yangu nimeishusha kutoka kwenye kifuniko, nina waya mrefu, naiegemeza kwenye tairi upande wenye jua na gari naiweka chini ya mwembe.

Gari inalala kwenye kona

Ukishuka milima ya Soni kuelekea Mombo utaisikia. Kabla ya kununua springi nzito toa vitu juu, maji ni kilo moja kwa lita, madumu mawili ya lita 20 kwenye keria ni kama mtu wa kilo 40 amekaa juu ya paa anacheza. Shusha madumu, betri na boksi la spana kati ya ekseli mbili. Soma ile sahani ya uzito iliyogongwa kwenye gari, kisha pitisha gari kwenye mzani ikiwa na mizigo yote na watu. Kama bado inayumba, nyuma hasa, angalia ile joint ya katikati juu ya difu ya nyuma na bushi za mikono, ikilegea gari inajikatia kona yenyewe na utasikia "kong" ukiachia mafuta. Springi pima kutoka katikati ya tairi mpaka kwenye bati la juu, kushoto na kulia, zisiachane sana. Upande wa dereva ukiwa umeshuka na wewe ni mtu wa mwili kama mimi, sawa, inaeleweka.

Kelele ya ngoma juu ukifika themanini ni bati lililotolewa mbavu, gundisha angle nyembamba ya aluminiamu kwa ndani. Kelele ya kupiga makofi ni komeo lililolegea, na hapo usisubiri, simama. Weka mkanda wa pili wa kamba ya mizigo juu ya makomeo kila safari ndefu, paa likifunguka kwenye barabara ya Segera mbele ya basi hakuna utatuzi utakaousoma. Kadi ya gari nayo ibadilishwe TRA kama umebadilisha bodi, na bima waambie, trafiki wa Muheza aliniuliza swali hilo kabla hajaniuliza leseni.

Yangu sasa hivi imebaki na tone moja, linadondoka gari ikiwa imeelekeza pua chini tu na mvua ya kaskazi ikija kwa upande. Nimeshafanya mpira wa maji, nimeshafanya poda, nyuzi zinagusana. Nashuku kidirisha kidogo cha kushoto, raba yake nimeagiza. Mpaka ije naegesha pua juu, na upande ule wa kitanda analala shemeji.